Udongo wa Kusemea

Mgeni aliyelishwa akashiba hatangazi masizi ya jiko la mwenyeji wake. Nimelelewa hivyo, na kwa miaka miwili nimeyanyamazia niliyoyaona katika Baraza la Ziwa Mbeleko. Leo nayasema. Anayetaka kuniita mtovu wa adabu na aniite, kwani jina hilo nimelistahili kwa jambo jingine, baya zaidi, ambalo atalisoma humu humu kabla hajamaliza.

Jinsi nilivyofika huko haina faida kwa msomaji. Itoshe kusema kwamba ziwa hilo ni pana na nchi sita zinalitegemea. Tano ziko juu ya milima inayolizunguka, na kubwa kuliko zote ni Kwezi, nchi ya mininga na mivule. Ya sita ni kisiwa kilicho katikati ya maji, kinaitwa Kinyuni. Milima ikikatwa miti, mvua huteremsha udongo ziwani. Udongo ukishatua chini, maji hayana pa kwenda ila juu, na yakipanda juu huanza na Kinyuni. Jambo hili kila mtu kule analijua, hata watoto huliimba wakiruka kamba. Kwa hiyo usidhani, msomaji, kwamba nilikutana na watu wajinga. Nilikutana na watu wanaojua, ambao kila mwaka hukutana kwa siku tatu kuzungumzia wanachokijua, na hiki kilikuwa kikao chao cha arobaini na moja.

Mlangoni mwa ukumbi nilipokewa na afisa aliyevaa joho la rangi ya majivu. Hakuniuliza jina wala hati ya safari. Aliniambia nivue viatu. Akachukua kisu kidogo, akakwangua matope yaliyokaukia kwenye soli, akayakusanya katika kisahani cha bati.

"Ya wapi haya?" akauliza.

Nikamwambia ni ya shamba la marehemu baba yangu. Nilipitia huko kabla ya safari, na mvua ilikuwa imenyesha.

"Basi una haki ya kusema," akasema, na kukibandika kisahani karatasi yenye jina la nchi yangu. "Ni haki ndogo, lakini unayo. Wageni wengi huja na viatu vilivyopigwa rangi, na hao hukaa bubu siku zote tatu."

Afisa huyu aliitwa Bwana Mdoe, Mpima Udongo Mkuu wa Baraza, mtu mpole aliyeipenda kazi yake, na ndiye aliyenieleza sheria. Katika Baraza la Ziwa hakuna anayesema ila awe amesimama juu ya udongo wa nchi yake. Wahenga wao waliamini kwamba mtu akikanyaga ardhi aliyozaliwa hawezi kusema uongo. Nilimuuliza kama imani hiyo imewahi kuthibitika. Akafikiri kidogo, akasema kwamba hilo bado liko kwenye kamati.

Sheria ina vifungu vyake. Muda wa kusema hulingana na wingi wa udongo: karai moja, robo saa. Ndiyo maana asubuhi ile uwanja ulikuwa umejaa mikokoteni. Kwezi peke yake ilileta mikokoteni thelathini na miwili, na wapagazi walikuwa wakimwaga udongo mwekundu ukumbini na kuusawazisha kwa reki, mpaka sakafu ya upande wa Kwezi ikawa juu kuliko meza ya karani. Nikampongeza mjumbe wao, Mheshimiwa Ngwali, kwa juhudi hiyo. Alikuwa mzee mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kubembeleza.

"Wala si juhudi, ndugu yangu," akaniambia. "Zamani kuchimba udongo kwetu ilikuwa kazi kwelikweli, mizizi imejaa kila mahali. Siku hizi koleo linazama lenyewe."

Kifungu kingine kinasema kwamba udongo uliokwisha kusemewa haurudi kwao wala hautumiki tena, maana umebeba maneno. Kikao kikiisha wafagiaji huukusanya na kuutoa kwa mlango wa nyuma. Nilikwenda kuutazama mlango huo. Ulifungukia ziwani. Chini yake kilima kizima kilikuwa kimejitokeza majini, na majani yalikwisha kuota juu yake. Nikamuuliza mfagiaji aliyekuwapo, mtu wa makamo aitwaye Kibwana, kwa nini hawautupi mahali pengine.

"Pengine kote kuna wenyewe," akasema. "Ukitupa kwa mtu atalalamika. Ziwa ni la wote, kwa hiyo halina wa kulalamika."

"Lakini si mmekutana kwa ajili ya ziwa hilohilo?"

"Wao ndio wamekutana, bwana. Mimi nafagia."

Siku ya kwanza ilikuwa ya taarifa. Taarifa ya kwanza ilihusu kimo cha maji, na aliyeisoma alitangaza kwamba maji yako kwenye alama ya saba, palepale yalipokuwa mwaka jana na mwaka juzi. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Baadaye Bwana Mdoe akanifahamisha kwamba nguzo ya kupimia huzama kila masika, na kila inapozama mafundi huing'oa na kuisimika juu zaidi ili iweze kusomeka. Ni kazi ya hatari, na mwaka ule fundi mmoja alitunukiwa nishani.

Taarifa ya pili ilihusu azimio maarufu la kikao cha kumi na tisa, kwamba nchi zote zitaacha kukata miti siku moja, kwa pamoja, asiwepo wa kutangulia wala wa kubaki nyuma. Azimio hilo lilipita kwa sauti moja miaka ishirini na miwili iliyopita. Kilichobaki ni kuipata siku yenyewe. Watu wa Malango hawaanzi jambo lolote Jumanne. Sodoka huhesabu mwaka kwa mwezi, na Kwezi kwa jua. Kila siku iliyopendekezwa iliangukia sikukuu ya mtu au matanga ya mtu. Kamati ya Siku hukutana kila baada ya wiki mbili katika jengo lake jipya, jengo zuri ajabu, la mbao tupu kuanzia sakafu hadi paa.

Nisiwasingizie unafiki. Niliona machozi ya kweli. Mjumbe wa Sodoka alishindwa kuendelea na hotuba yake alipomtaja ndege mmoja wa utotoni mwake ambaye haonekani tena, na wenzake wakasimama kumpa pole. Watu wale walilipenda ziwa lao, nami niliwapenda kwa hilo.

Wakati wa chakula cha mchana nilikaa na mama mmoja aliyekuwa peke yake mwisho wa meza. Alikuwa na umri wa miaka hamsini hivi, kanga yake imefuliwa mpaka maua yamefifia, na karibu na sahani yake ya wali ameweka bakuli dogo lililofunikwa kwa kawa. Nilidhani ni kitoweo alichokuja nacho kutoka kwao.

"Karibu, kaka," akasema, akinisogezea kiti. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Mwenyeji anaumwa nini?" nikamtania.

Hakucheka. Akafunua kawa. Ndani mlikuwa na udongo, haukufika hata nusu ya bakuli.

Huyo ndiye Bi. Mkiwa, mjumbe wa Kinyuni. Alinieleza kwamba babu yake alikuwa akija barazani na makarai kumi na mawili, mama yake mkubwa akaja na matano, na yeye mwenyewe alianza na mawili. Sasa pamebaki mwinuko mmoja tu usiofunikwa na maji, wanauita Kichuguu. Kaya tisa zinaishi hapo, na mojawapo ni ya mama yake mzazi, ambaye amekataa kuhama.

"Bakuli hili nimelichota mlangoni kwa mama," akasema. "Hapana pengine pakavu. Litanipa dakika tatu, na neno langu halizidi mbili."

"Neno gani, dada?"

"Naomba masika moja. Siwaambii waache kukata milele, huko nimeshaacha kuota. Nataka ule mteremko wa Kwezi unaotazama kwetu wasiuguse msimu huu mmoja tu, tupate muda wa kujenga tuta la mawe kuzunguka Kichuguu. Mawe tunayo. Tope likija tena kama mwaka jana, mama yangu atazikwa kabla hajafa."

Nikamuuliza itakuwaje wakikataa.

"Hawakatai, kaka. Miaka yote hii hawajawahi kukataa. Wanachofanya ni kutosikia." Akanieleza utaratibu. Hoja ya mjumbe haiingii daftarini mpaka mtu mwingine mwenye udongo asimame na kusema neno moja: nimesikia. Likishasemwa, karani huiandika, na ikishaandikwa, anayelalamikiwa haruhusiwi kuendelea na jambo lile mpaka atoe majibu. "Na majibu ya Kwezi huchukua mwaka mzima kutungwa. Yana kamati saba. Sihitaji wakubali, kaka yangu. Nahitaji wachelewe."

Nikakiri moyoni kwamba tangu nifike sijasikia akili iliyonyooka kama hiyo. Huyu mama alikuwa ameutazama uzembe wa Baraza kwa miaka mingi na kupata namna ya kuugeuza uwe tuta.

"Mwaka jana nani alisema amesikia?" nikauliza.

"Hakuna. Malango wanapitisha mbao, Sodoka wamepakana na Kwezi, wengine wana yao. Kila mtu alikuwa anatafuta miwani." Akalifunika bakuli, akanitazama usoni. "Wewe una kisahani. Nilikiona pale mlangoni."

Nikamwambia asiwe na shaka. Nilikuwa nimeshiba, upepo ulikuwa mzuri, na ahadi ilinitoka kirahisi sana. Akakishika kiganja changu kwa mikono yake yote miwili, akakitikisa.

Alasiri ile Mheshimiwa Ngwali alinialika kahawa. Nilimkuta kibarazani kwake, amejiandalia kashata na tende, naye akanikaribisha kwa moyo mkunjufu. Aliniuliza habari za kwetu, wanangu wangapi, nyumba yangu ya namna gani. Nikamsimulia, kama watu wanavyosimuliana, kwamba nyumba ni nzuri ila mlango wa mbele umeliwa na mchwa. Akaguna kwa huruma. Kisha akanipeleka ghalani na kunionyesha mlango wa mninga, ubao mmoja mpana usio na kiungo, umechongwa ukingo wake maua na majani na mafundi wanaojua kazi. Sijawahi kuona mlango kama ule.

"Utautangulia nyumbani," akasema. "Mgeni wa Ziwa haondoki mikono mitupu."

Hakuniomba chochote. Nataka hilo lieleweke vizuri. Laiti angeniomba, ningejua cha kumjibu.

Siku ya pili, baada ya Kwezi kusema kwa saa nyingi juu ya umuhimu wa ushirikiano, Mwenyekiti Tamimu wa Malango aliita jina la Kinyuni. Bi. Mkiwa alitembea hadi katikati ya ukumbi akiwa amelibeba bakuli lake kwa mikono miwili. Alipotaka kulimwaga, Bwana Mdoe alimzuia kwa adabu, maana kila udongo hupimwa kwanza. Ilikuwa kazi ya kutimiza wajibu tu, na wajumbe walianza kunong'onezana mambo yao.

Mdoe akachukua chembe kwa ncha ya kidole, akainusa, akaiweka ulimini, akaitemea kwenye leso. Akadondosha chembe nyingine katika glasi ya maji, akaitazama ikitua. Kisha akarudia yote tangu mwanzo.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, "udongo wa Kinyuni naujua. Ni mweupe, una vipande vya magamba ya konokono. Huu ni mwekundu. Huu si udongo wa Kinyuni."

"Ni wa wapi?" akauliza Tamimu.

"Ni wa Kwezi. Mteremko wa juu, unaotazama ziwa. Niko tayari kuapa."

Wajumbe wakainua vichwa. Nilisikia maji yakigonga ukuta wa nyuma wa jengo.

"Kweli ni wa kwao," akasema Bi. Mkiwa. "Nimeuchota mlangoni kwa mama yangu. Wa kwetu uko chini yake, kina cha mtu mzima aliyesimama. Sikuwa na mwingine wa kuleta."

Nilidhani kesi imekwisha. Nilidhani, katika ujinga wangu wa kigeni, kwamba mwanamke yule sasa hana haja ya kusema hata neno, kwa sababu bakuli limemsemea. Lakini sikuwa nimekaa barazani vya kutosha. Tamimu alifungua kitabu cha sheria, akaeleza kwa upole kwamba mjumbe hawezi kusimama juu ya udongo wa nchi nyingine ila kwa ridhaa ya wenyewe, kwa hiyo akamgeukia Ngwali na kumuuliza kama Kwezi inaridhia.

Ngwali alisimama juu ya kilima chake.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, Kwezi ingeridhia kwa moyo mweupe kama udongo huu ungekuwa wetu. Lakini hatuwezi kuridhia juu ya kisicho chetu. Udongo wa Kwezi hautoki Kwezi bila hati yenye mihuri miwili. Namwomba mama yetu aonyeshe hati."

"Ulikuja na mvua, baba," akasema Bi. Mkiwa. "Ulisukuma mlango, ukapanda mpaka kitandani. Hatukuuomba hati."

"Mvua si mjumbe wa Baraza hili," akasema Ngwali bila ukali wowote, na watu wawili watatu wakacheka.

Mdoe akajaribu kusema kwamba ulimi wake haujakosea kwa miaka thelathini. Akaambiwa hakuna anayeutilia shaka ulimi wake. Tamimu akaziuliza nchi nyingine moja moja: Malango, udongo huu ni wenu? Si wetu. Sodoka? Hatuujui. Hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Basi ikathibitika kisheria kwamba udongo ule hauna mwenyewe, na mjadala ukahamia kwenye swali ambalo halijawahi kutokea katika vikao arobaini: anayesimama juu ya udongo usio na mwenyewe, maneno yake ni ya nani? Walijadili mpaka adhuhuri, na nakiri kwamba walijadili kwa ufasaha mkubwa. Wakati wote huo Bi. Mkiwa alikuwa amesimama pembeni, bakuli mkononi, hakuna aliyekumbuka kumpa kiti.

Uamuzi ulikuwa huu. Kwa kuwa Baraza ni la watu waungwana, mama ataruhusiwa kumwaga udongo wake na kusimama juu yake kwa dakika tatu. Lakini kwa kuwa udongo hauna mwenyewe, karani ataweka kalamu chini. Hata hivyo, mtu yeyote mwenye udongo unaotambulika akisema amesikia, kalamu itainuliwa na hoja itaandikwa kama kawaida. Wajumbe wakapongezana kwa hekima hiyo.

Bi. Mkiwa akamwaga udongo, akavua ndara zake, akapanda. Ulimtosha nyayo tu. Karani akailaza kalamu.

"Waheshimiwa, sitawachosha," akasema. "Mimi ni mtoto wa Kinyuni. Mama yangu yuko Kichuguu, amekaa kitandani, kitanda kimeinuliwa juu ya matofali manane. Ana macho hafifu lakini masikio yake ni mazima, na usiku mvua ikinyesha huniuliza, imefika wapi? Nimekuwa nikimdanganya. Naomba mteremko mmoja, masika moja. Mawe tumeshakusanya. Tunachokosa ni muda, na muda mnao nyinyi, nimeuona hapa kwa miaka kumi na sita mkiutumia. Nipeni kidogo."

Dakika tatu zilikuwa bado. Alikuwa amesema kwa moja.

"Kuna mwenye udongo aliyesikia?" akauliza Tamimu. Sheria inataka aulize mara tatu. Mara ya kwanza wajumbe waliinamia karatasi zao. Mara ya pili mjumbe wa Sodoka, yule wa machozi, alitoa miwani akaanza kuifuta. Bi. Mkiwa hakuwatazama. Alikuwa ananitazama mimi.

Nikainuka. Kisahani changu kilikuwa miguuni, nikakikanyaga kwa kidole gumba, ndicho kilichoenea. Neno lilikuwa mdomoni tayari. Wote wakanigeukia, na katikati yao Mheshimiwa Ngwali alinitabasamia kama mtu anavyomtabasamia aliyekunywa naye kahawa. Nikaukumbuka mlango. Na zaidi ya mlango, nataka kuwa mkweli, nikaona haya kuwa mgeni wa siku mbili atakayevuruga shughuli ya watu. Nikajiambia mambo ya nyumba huyajua wenye nyumba. Nikajiambia kwamba labda mara ya tatu atasema mtu mwingine.

"Naushukuru ukumbi," nikasema, "kwa makaribisho mema na chakula kizuri."

Wakanipigia makofi marefu. Tamimu akauliza mara ya tatu, na kwa kuwa makofi yalikuwa hayajaisha, sidhani kama kuna aliyemsikia.

Siku ya tatu Baraza lilipitisha kwa sauti moja tamko la kusikitishwa na hali ya Kinyuni, refu na lenye maneno mazuri. Bwana Mdoe alipewa likizo ya kupumzisha ulimi. Kisha wajumbe wakaagana kwa kukumbatiana, na mikokoteni mitupu ikaanza kupanda milimani.

Nilimkuta Bi. Mkiwa kwenye mlango wa nyuma. Alikuwa ameomba arudishiwe udongo wake, na akajibiwa kwamba hauwezi kurudishwa kwa mwenyewe kwa sababu hauna mwenyewe, na tena umeshasemewa. Kibwana alikuwa akifagia. Alikusanya ule wa Bi. Mkiwa katika karai, akaja kwenye kisahani changu, akakigonga mara mbili ndani ya karai lilelile, akalimwaga ziwani juu ya vilima vya udongo wa Kwezi. Udongo wa shamba la baba yangu ulikuwa mweusi. Niliuona ukielea kidogo kabla ya kuzama.

Nilianza kuomba msamaha. Nilisema habari za mgeni na adabu za mgeni, nikajikanyaga, nikaanza upya.

"Usijisumbue, kaka," akasema. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Mkondo wa hapa unaelekea kwetu. Udongo wako utafika kabla yangu."

Akaliweka bakuli tupu kwapani, akaondoka.

Mlango ulifika salama. Uko mbele ya nyumba yangu, na kila anayepita husimama kuusifu. Mwaka jana nilipata barua kutoka kwa Bwana Mdoe, ambaye likizo yake haijaisha. Masika yalikuwa makubwa. Tuta la mawe lilifika magotini. Mama yake Bi. Mkiwa hakuhama. Bi. Mkiwa mwenyewe alifika katika kikao cha arobaini na mbili akiwa na bakuli tupu, akaelezwa kwa heshima zote kwamba bakuli tupu halina dakika, akakaa siku tatu kwenye viti vya wageni, na nafasi ya Kinyuni ukumbini ikatumika kuegesha mikokoteni.

Tangu niisome barua ile nimekuwa nikienda shambani kwa baba mara kwa mara. Ni shamba la mteremkoni, chini yake kuna mto. Nilipolirithi lilikuwa na mivule saba, na sasa imebaki mitatu. Minne niliiangusha mwenyewe, na sikuwahi kujiuliza udongo wake unakwenda wapi mvua ikinyesha.

Leo asubuhi nimekwenda tena. Nimevua viatu. Safari hii sikuwa na kisahani, nilikuwa na shamba zima chini ya nyayo zangu, lakini hapakuwa na karani wala Mwenyekiti wa kuuliza hata mara moja. Bi. Mkiwa, popote ulipo, nimesikia.